Ghorofa zinapanda Malindi, lakini nani anajua nani yuko juu ya nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee jambo ambalo sisi wa Malindi tunapita nalo kila siku na tuktuk lakini hatuliongei, nalo ni hizi ghorofa. Mji umeanza kwenda juu. Zamani mtu akijenga ghorofa mbili ilikuwa habari ya mtaa mzima, saa hii ukitoka Lamu Road ukaingia ndani kidogo, ukienda Ngala, ukienda upande wa Casuarina na Muyeye, unakuta majengo yamesimama na mengine bado yanapanda, na kuna viwanja ukiuangalia msingi tu unajua huyu hana nia ya kuishia ghorofa tatu. Sina ugomvi na ghorofa. Mimi ni fundi wa nondo, hiyo ndio kazi iliyosomesha watoto wangu, nimefunga nondo Nairobi kwenye majengo marefu ya Upper Hill na Westlands miaka mingi kabla sijarudi nyumbani. Ninachosema ni kwamba tunajenga marefu kwa mpangilio ule ule wa nyumba ya chini, na mpangilio huo utaua watu.

Ajali ikitokea mjengoni swali la kwanza watu wanauliza, alikuwa amevaa helmeti? Helmeti ni lazima, mimi sipandi bila helmeti na kijana wangu nikimuona hana namshusha. Lakini kuna swali linatangulia hilo na silisikii likiulizwa: kwenye saiti ile, asubuhi ile, nani alikuwa na kazi ya kujua nani anafanya nini juu ya kichwa cha nani? Kwa saiti nyingi za hapa kwetu jibu ni hakuna mtu.

Niwaeleze wasiojua mjengo unavyokwenda. Mwenye jengo anamchukua fundi wa mawe na watu wake, wa fomweki, yaani mbao za kushikilia konkriti mpaka ikauke, na watu wake, sisi wa nondo na watu wetu, halafu wanaingia wa stima, wa bomba, wa vioo na aluminiamu, wa lifti wanakuja kutoka Mombasa. Kila kikundi kimepatana bei yake, leba peke yake, kinalipwa kwa slabu, yaani sakafu ya konkriti ya kila ghorofa, au kwa kipande cha kazi, kwa hivyo kila mmoja anakimbizana na siku zake, manake akichelewa hela ni ile ile na vibarua wake wanataka chao jioni. Mnyapara wa mawe hawezi kumwambia mnyapara wa fomweki ngoja kidogo, kwani yeye nani, si bosi wake. Mwenye jengo yuko Nairobi au yuko nje, anatumiwa picha kwa WhatsApp. Injinia anafika siku ya kumwaga slabu, anakagua nondo, anatia sahihi, anaondoka, na hata akikagua vizuri amekagua nondo, hakukagua kesho yake nani atakuwa chini na nani juu.

Niliyaona haya kwenye jengo moja hapa mjini ambalo silitaji. Slabu ya ghorofa ya tano ilikuwa changa, haijamaliza hata wiki mbili. Wale wa fomweki wakataka propu zao, zile nguzo za muda za kuishikilia slabu kutoka chini, walikuwa wamepata kazi nyingine Watamu na propu zenyewe ni za kukodi, kila siku zikilala pale ni pesa, basi wakaingia ghorofa ya nne wakaanza kugonga na kuzitoa. Wakati huo huo lori la mawe limefika, winchi inapandisha mawe na kule juu vijana wanayapanga kwenye slabu ile ile ya tano, wanayapanga katikati kabisa, kwa sababu ndio mahali winchi inafika kwa urahisi, na katikati ndipo slabu inapopinda zaidi. Wa chini hawajui wa juu wanaweka nini. Wa juu hawajui wa chini wanatoa nini. Ukimwangalia kila mmoja peke yake anafanya kazi yake sawasawa. Nikamwendea mnyapara wa fomweki, akanijibu kamuulize mwenye mawe. Nikapanda kwa mwenye mawe, akasema yeye kaambiwa mawe yapande leo. Aliyesimamisha mambo ni kijana mmoja wa kukoroga simiti, alisikia tunavyobishana akaenda akazima injini ya winchi, kelele ikawa kubwa sana, na jioni yule kijana akalipwa siku yake akaambiwa asirudi. Hakuna aliyeumia, ndio maana hamkuisoma popote.

Na uzito tunaoucheza nao watu hawaujui. Konkriti mita moja ya ujazo ni kama kilo 2,400. Chukua slabu ya unene wa milimita 150, upande mita 10 na upande mita 10, hiyo ni tani 36, hujaweka jiwe hata moja wala hajapanda mtu. Ikiwa mbichi haijibebi, inabebwa na propu, na propu zimesimama juu ya slabu ya chini yake ambayo nayo pengine ndio kwanza inajikaza, kwa hivyo uzito wa juu unashuka chini ghorofa kwa ghorofa mpaka ukutane na slabu iliyokomaa. Ndio maana kwa majengo marefu propu zinaachwa ghorofa kadhaa chini, sio moja tu. Na kukomaa hakujulikani kwa kuangalia rangi wala kwa kugonga na nyundo, kuna kyubu, viboksi vya konkriti vya sentimita 15 vinavyochotwa siku ya kumwaga na kwenda kuvunjwa kwa mashini siku ya 7 na siku ya 28, na majibu ya kyubu ndio yanamwambia injinia propu zitoke lini. Saiti ngapi hapa umeona kyubu? Na zikipimwa, majibu anapelekewa nani, yule mwenye fomweki anayekimbilia Watamu anayaona?

Nikiwa Nairobi kulikuwa na injinia mmoja mtu mzima, kabla ya slabu kubwa alikuwa anatukalisha sote, mafundi na vibarua, anatueleza ajali za huko nje moja moja. Kwake ndio nikaijua ya Skyline Plaza, Virginia, Marekani, tarehe 2 Machi 1973. Jengo lilikuwa liende ghorofa 26 na kazi ilikuwa imefika karibu na juu. Propu za kushikilia slabu ya ghorofa ya 23 zilitolewa mapema, konkriti haijakomaa, na juu yake kazi inaendelea. Ikakatika, ikaangukia ya chini yake, nayo ikaangukia ya chini, moja juu ya nyingine mpaka ardhini, wakafa wafanyikazi 14. Miaka mitano baadaye, tarehe 27 Aprili 1978, huko huko Marekani, mahali panaitwa Willow Island, West Virginia, walikuwa wanajenga mnara wa kupozea maji wa kituo cha umeme. Skafoldi yao, jukwaa la muda la kusimama mafundi, ilikuwa inashikilia kwenye mnara wenyewe, inapanda kadiri mnara unavyopanda, na siku ile ilikuwa imeshika kwenye konkriti ya jana yake. Ya jana! Ikaachia, skafoldi ikavuliwa mnara mzima kuzunguka kama kamba, watu 51 wakaanguka wakafa wote, na kati yao kulikuwa na ndugu 11 wa familia moja. Hapo palikuwa na kampuni, kuna mainjinia, kuna simiti nzuri na vifaa kuliko tulivyo navyo sisi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama katikati ya kazi ya kumwaga na kazi ya kupandisha skafoldi aseme bado, konkriti haijapimwa, leo hakupandwi.

Sisi hapa tukisikia jengo limeanguka tunaongea simiti mbovu na rushwa. Ni kweli, Huruma kule Nairobi tarehe 29 Aprili 2016 lilianguka jengo la ghorofa sita watu wamelala ndani na mvua inanyesha, na mwaka 2024 mwezi wa Novemba likaanguka la Kariakoo, Dar es Salaam, watu wakiwa kwenye biashara zao. Hizo lazima ziongelewe. Lakini watu wa mjengo wengi hawafi kwa jengo kuanguka, wanakufa mmoja mmoja, huyu kaanguka kutoka skafoldi, huyu kaangukiwa, huyu kashikwa na stima, anapelekwa kwao Ganze au Kakuyuni au Kitui anazikwa, na Jumatatu kazi inaendelea na mtu mwingine amesimama pale pale.

Mimi nilimpoteza mwenzangu Nairobi kwa plaiwudi. Sakafuni kulikuwa na shimo la kupitisha mabomba, kubwa la kupita mtu, na mtu mwenye nia nzuri alilifunika na plaiwudi. Hakuipigilia misumari wala hakuandika kitu. Baada ya siku chache watu wa fomweki wakawa wanakusanya plaiwudi zao, mwenzangu akataka kuwasaidia, akainama akaishika ile plaiwudi kwa mikono miwili akaiinua mbele ya kifua chake, sasa ikiwa imesimama hivyo mbele yako huoni chini, akapiga hatua moja kwenda mbele. Ghorofa ya saba. Alikuwa na helmeti, alikuwa na mabuti, alikuwa na riflekta. Aliyelifunika shimo alikuwa fundi bomba na siku ile hakuwepo, aliyekuja kuchukua plaiwudi hakujua, na hakukuwa na ubao wala daftari wala mtu wa kusema ile plaiwudi ya pale si ya kubeba. Misumari minne na rangi nyekundu, ISIONDOLEWE SHIMO, basi. Mpaka leo nikiingia saiti yoyote kitu cha kwanza naangalia sakafu.

Urefu wenyewe unabadilisha kila kitu. Nyundo ikikuponyoka kwenye nyumba ya chini unatukanwa tu. Ikikuponyoka mita 18 juu, hiyo ni kama ghorofa ya sita, inafika chini na spidi ya karibu kilomita 68 kwa saa na haichukui hata sekunde mbili, ukipiga kelele angalia chini! yule wa chini anainua uso kuangalia, ndio inampata usoni. Kwa hivyo dawa ya hiyo sio kupiga kelele, dawa ni chini pasiwe na mtu, pazungushiwe, na juu ukingoni kuwe na ubao wa kuzuia vitu visisukumwe na mguu, na mtu wa kuamua kwamba leo asubuhi upande wa barabarani kunafanywa kazi juu kwa hivyo wa bomba watachimba upande wa nyuma. Hiyo nayo ni kazi ya kupanga, haiji yenyewe. Na pale chini hapa kwetu hakuna wafanyikazi tu, kuna mama wa mahamri na chai, kuna mtoto wake, kuna watu wanapita njia ya mkato kwenda msikitini, na kuta za majirani ziko karibu sana.

Halafu upepo. Mtu wa Pwani haambiwi habari ya kusi, baharini kila mtu anaiheshimu, mvuvi hatoki. Lakini kwenye ghorofa ya sita Juni na Julai unaona vijana wanapandisha mabati na plaiwudi na winchi kana kwamba huko juu hakuna upepo, wakati kule juu ni mkali kuliko chini, na plaiwudi ikishikwa na upepo inakuwa tanga, inamvuta mtu aliyeishika. Winchi kubwa zenyewe zina kiwango cha upepo kilichoandikwa na aliyezitengeneza, na mzigo mpana unashushwa kiwango zaidi. Anayeendesha winchi hapa analipwa kwa siku, akisema leo upepo mbaya nani atamsikiliza? Lazima kuwe na mtu wa kumlinda na uamuzi wake. Na anayempa ishara awe mmoja tu, sio kila mtu anapunga mkono, ila ishara ya simama yeyote anaweza kuitoa na ikitoka inasimama bila mjadala. Agosti 2021 winchi kubwa ya mjengo ilianguka Nairobi ikaua watu, tulilia wiki moja tukasahau.

Wazee wetu wa Lamu walijenga ghorofa mbili, tatu, kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na nyumba zile bado zimesimama, mji wenyewe UNESCO imeuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001. Ukiingia zile nyumba vyumba ni virefu lakini vyembamba, na sababu ni boriti, boriti ya mkoko ina urefu wake na ukiipitisha hapo inapinda, kwa hivyo mti wenyewe ulikuwa unamwambia fundi mwisho wako hapa. Nondo na konkriti hazikuambii. Zinakubali upana wowote na urefu wowote utakaochora, na ukiharakisha zinanyamaza mpaka siku ile. Kwa hivyo lazima awepo binadamu wa kusema mwisho hapa.

Huyo binadamu ndio nimeandika barua hii kwa ajili yake. Tumwite mratibu wa saiti, tumwite safeti, jina lolote. Simuongelei kijana anayepewa riflekta ya rangi tofauti akasimama getini kuandika majina, hao tunao. Namuongelea mtu mwenye uzoefu ambaye kila asubuhi kabla kazi haijaanza anakaa na wanyapara wote dakika kumi, kila mmoja aseme leo niko ghorofa gani, upande gani, natoa nini, napandisha nini, halafu yeye anaandika kwenye ubao mkubwa pale pa kuingilia, ghorofa kwa ghorofa, mtu yeyote anayeingia asome. Wa nondo ghorofa ya tano, wa bomba ya pili, ya nne hakuna mtu kuingia kwa sababu propu zinatolewa. Ndio tu. Nilifanya kazi kwenye jengo lenye ubao kama huo Westlands na nawaambia hata ugomvi ulipungua, manake nusu ya ugomvi wa mjengo ni mtu kukukuta mahali ulipanga wewe uwepo. Yeye ndio anashika daftari la mashimo yote na vifuniko vyake. Yeye ndio anapokea majibu ya kyubu na hakuna propu inatoka bila karatasi yake. Anajua stima imekatwa wapi na nani ameikata, ili mwingine asije akaiwasha mtu akiwa ameshika waya. Anakagua skafoldi baada ya mvua kubwa na baada ya upepo, manake masika ya huku mwezi wa Mei ardhi inalainika na mguu wa skafoldi unazama polepole bila mtu kuona. Na kubwa kuliko yote, akisema simama, inasimama, hata mwenye jengo akiwa kwenye simu anafoka. Bila hiyo ya mwisho yote mengine ni karatasi.

Kuna watu wataniambia sheria zipo. Zipo kweli. Tuna sheria ya usalama na afya kazini ya 2007, tuna ya fidia kwa wafanyikazi ya mwaka huo huo, tuna NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kusajili makontrakta na miradi, na kanuni mpya za ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Sheria ya 2007 inasema mahali pa kazi pakiwa na watu 20 au zaidi lazima kuwe na kamati ya usalama. Sasa angalia ujanja unaotumika. Saiti ina watu sitini, lakini ukiuliza mwenye jengo anakwambia mimi sina wafanyikazi, huyu fundi ana watu wake tisa, huyu kumi na wawili, huyu wanane, hakuna hata mmoja amefika ishirini. Kamati haipo. Lakini sheria imeongea mahali pa kazi, na mahali ni pamoja, ngazi ni moja, winchi ni moja, shimo ni moja. Kaunti na maafisa wa kazi wakihesabu vichwa vilivyo ndani ya ua ule badala ya kuhesabu mikataba, saiti nyingi za Malindi zingekuwa na kamati wiki hii.

Na sheria hiyo hiyo inamlinda mfanyikazi anayeripoti hatari asifukuzwe kwa sababu ya kuripoti. Yule kijana aliyezima winchi hakujua. Mimi mwenyewe nilimwambia baada ya siku ile na alishaenda kutafuta kibarua kwengine. Ajali ya kifo inatakiwa iripotiwe kwa afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24, na kwa maandishi ndani ya siku saba, na mwajiri anatakiwa awe na bima, na mtu akifa kazini fidia ya familia inahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka minane. Hapa kwetu mjane anapewa jeneza, gunia la mchele na nauli, anashukuru, anaondoka, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Nataka pia kuongea na wawekezaji wetu, hasa Wataliano, manake Malindi tumeishi nao miaka mingi na wengi ni watu wa hapa tu sasa, wanaongea Kiswahili. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake mwaka 1992 la usalama kwenye saiti za ujenzi, na Italia ikaliingiza kwenye sheria yake 1996: saiti ikiwa na kampuni zaidi ya moja, mwenye mradi lazima ateue mratibu wa usalama, mmoja wakati wa kuchora na mmoja wakati wa kujenga. Mwenye mradi ndiye anateua, hasemi mimi sina wafanyikazi. Ile sheria imeelewa kwamba hatari inakaa pale kazi ya huyu inapokutana na kazi ya yule. Kwa hivyo bwana, kitu hiki mnakijua, mmekua nacho kwenu. Mkijenga Malindi kileteni.

Najua nitaambiwa gharama. Mratibu mzuri analipwa, sikatai, na jengo la ghorofa sita mwenye nalo anaweka lifti, anaweka tails za bei, anaweka swimming pool juu kabisa, halafu mshahara wa mtu mmoja wa kuangalia watu sitini wasife ndio unakuwa mzigo? Na hata kwa hesabu ya pesa tupu, saiti isiyopangwa inapoteza zaidi, mawe yanapandishwa leo kesho yanahamishwa, ukuta unajengwa halafu fundi bomba anakuja kuubomoa apitishe bomba lake, slabu inachimbwa na drili mpaka nondo zangu zinakatwa, na hilo la kukata nondo bila kumuuliza mtu linaniuma mpaka leo. Wengine watasema Malindi si Nairobi, tusijifanye. Mtu akianguka mita 18 hapa na akianguka mita 18 Nairobi ni mita 18.

Kwa mafundi wenzangu, na hapa naongea kama ndugu. Tusingoje sheria kwa kila kitu. Wanyapara wakiamua wenyewe kukutana saa moja asubuhi pale kwa mama wa chai, mwenye jengo hawezi kuzuia, ni dakika kumi za chai tunayokunywa hata hivyo. Ukifunika shimo pigilia misumari na uandike. Ukitoa propu, panda kwanza uone juu kuna nini. Hanesi, ule mkanda wa kukuzuia usianguke, usiifunge kwenye bomba la skafoldi unayoikanyaga wewe mwenyewe, ikienda mnaenda pamoja, ifunge kwenye nguzo. Na kijana akisema simama, hata kama ni wa kukoroga simiti na amekuja jana, simameni kwanza halafu ndio mbishane.

Kwa kaunti ya Kilifi na manispaa yetu ya Malindi ombi langu ni moja. Jengo lolote la kupita ghorofa tatu, ramani isipitishwe mpaka mwenye jengo aandike jina la mratibu wa usalama wa saiti, na jina hilo na simu yake viwekwe kwenye ule ubao wa mradi pale nje, chini ya jina la akitekti na injinia, kwa maandishi ya kusomeka kutoka barabarani, na akiondoka kazi isimame mpaka apatikane mwingine. Jirani akiona mawe yanamwagika kwenye bati lake ajue wa kumpigia. Ningependa idara ya mipango ya kaunti ijibu kwenye gazeti hili, kwa majengo marefu yaliyo katikati ya kazi saa hii hapa Malindi, ni mangapi wanaweza kututajia jina hilo.

Fundi wa nondo,
Maweni, Malindi